Herufi tatu za Ingwe na mganga wa Kanyamwa

Mwulize shabiki wa AFC Leopards, klabu ya soka ya Kenya inayoitwa pia Ingwe, kirefu cha AFC. Atasita. Mzee wa miaka sabini hatasita: atakwambia ni Abaluhya Football Club, basi. Jibu hilo lilifutwa kwenye karatasi mwaka 1980. Kirefu rasmi ni All Footballers Confederation, maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyapigia kelele uwanjani hata siku moja.

Klabu hii ilizaliwa 1964 kwa kuunganisha timu za Waluhya, ikaitwa Abaluhya United, baadaye Abaluhya Football Club. Ndiyo aliyochezea nyota Joe Kadenge, yule wa msemo wa watangazaji, "Kadenge na mpira". Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi ikapiga marufuku vyama vya kikabila, na klabu za soka nazo zikaambiwa zivue majina ya namna hiyo. Luo Union wakageuka Re-Union. Abaluhya wakakaa chini wakatafuta maneno yanayoingia katika herufi zao zilezile tatu, kisha wakaongeza chui. Chui kwa Kiluhya ni ingwe. Serikali ikasoma Kiingereza na kuridhika, mashabiki wakasoma Kiluhya na kuendelea kupiga ngoma zao za isukuti.

Jina la Gor Mahia, wapinzani wao wakubwa, lipo hadi leo. Klabu hiyo iliundwa 1968 ndani ya familia hiyohiyo ya soka la Wajaluo, lakini ilibeba jina la mtu: Gor, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, ambaye hadithi zinasema angeweza kujigeuza mnyama au ajuza maadui wakimkaribia. Mahia ni maajabu, miujiza. Neno Luo halimo. Nadhani huyo mganga angecheka: amri ya serikali ilipita, jina lake likabaki.

Sasa, amri ile ilikuwa na haki? Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Kijana wa Nyeri au wa Kitui aliyezaliwa Nairobi, anayependa soka na anayetafuta timu ya mtaani kwake, akikuta mlangoni pameandikwa Abaluhya, ameshaambiwa kwamba yeye ni mgeni. Nchi ambayo uchaguzi wake huhesabiwa kwa makabila haihitaji ligi inayohesabiwa vivyo hivyo. Na kubadili jina kulileta angalau kitu kimoja: leo hakuna mtu anayeweza kumwambia mchezaji wa Ingwe kwamba jina la jezi si lake. Mahmoud Abbas, kipa wa Mombasa aliyeitwa "Kenya One", alidaka langoni mwa Leopards miaka ya 1980 na Waluhya wakamwimba kama mtoto wao.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi wake, na uko kwenye majukwaa. Tazama klabu zenye majina ya waajiri: benki, bandari, jeshi, kiwanda cha bia. Hazina kabila, mishahara yao mara nyingi ni ya uhakika, na vikombe wanachukua. Ila mechi zao nyingi unaweza kuhesabu watazamaji ukamaliza kabla ya mapumziko. Gor na Leopards wamepitia miaka ya njaa, wachezaji wakigoma kwa kukosa mshahara, na watu hawakuhama. Mtu haachi nyumba ya babu yake kwa sababu paa linavuja.

Mimi nagawanyika hapa, ila si katikati. Jina linalotaja kabila waziwazi lilistahili kuondoka. Sioni la kulilia. Jina lenye hadithi ni jambo jingine. Hadithi mtu anaweza kuisikia akaipenda bila kuzaliwa ndani yake. Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge walitoka mbali, wakafunga mabao wakiwa na jezi ya kijani ya Gor, na K'Ogalo nzima, yaani jamii ya mashabiki wa Gor, ikawachukua bila kuwauliza kwao ni wapi. (Kagere baadaye akaenda Simba ya Tanzania, na wapo wanaoona uchungu mpaka leo.) Mwaka 1987 Gor walipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, waliosherehekea walikuwa Wakenya.

Tatizo ni kwamba mlango huo umefunguliwa uwanjani tu. Mchezaji hukaribishwa kutoka popote, lakini anayetaka kiti cha uongozi wa klabu bado hupimwa kwa jina la ukoo wake kabla ya kupimwa kwa kazi. Hilo halikuguswa na amri ya 1980, kwa kuwa haliandikwi kwenye jezi.

Mechi ya Gor na Leopards inaitwa Mashemeji, kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi. Jina hilo halikutoka kwa waziri. Ni la Kiswahili, ni la utani, na linakiri makabila yote mawili palepale linapoyaunganisha. Siku ya Mashemeji utamwona mume amevaa kijani na mke bluu na nyeupe, wamepanda matatu moja kwenda uwanja wa Nyayo, wakishuka tu kila mmoja anaelekea jukwaa lake.