Upepo nao unakunywa mafuta

Juzi nimemkuta shemeji yangu gereji, gari yake imefunguliwa kwa mara ya tatu mwezi huu. Ni Coaster aliyoigeuza nyumba: kitanda, jiko, tanki la maji. Anaikodisha kwa wageni hapa Unguja, leo wanalala Paje, kesho Nungwi. Inakula mafuta mno. Nozeli zimepimwa, filta ni mpya, na sasa fundi anataka kushusha pampu. Hakuna aliyeinua macho akatazama paa.

Juu ya paa kuna sanduku la plaiwudi, mbele yake wima kama ukuta. Niliwahi kupanda naye hadi Kinyasini. Gari ikifika kilomita 80 kwa saa sanduku linavuma mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Mvumo ule ni dizeli yake inayopotea.

"Lakini jepesi hilo, shemeji," akaniambia. Jepesi! Upepo haujali uzito, unajali uso unaoupinga. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne.

Hili linaniuma kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Nani kaona fundi wa Nungwi akiunda jahazi lenye omo bapa? Maji hupasuliwa taratibu mbele, na huku tezi, yaani nyuma, chombo kinachongwa ili maji yajifunge bila kukivuta. Hewa ni vivyo hivyo. Gari iliyokatika wima nyuma huacha pengo, na pengo lile huivuta. Pita barabara ya vumbi utazame: gari inakwenda mbele, vumbi linageuka na kuganda kwenye mlango wa nyuma. Marekani, miaka ya 1970, wahandisi wa NASA waliivika gari ndogo ya mizigo mabati bapa yenye kona kali, kisha wakaziviringa zile kona. Ukinzani wa hewa ukashuka zaidi ya nusu, na nafasi ya ndani iliyopotea ni kidogo sana.

Haya, nakubali: Darajani hadi Mwanakwerekwe, kwa foleni ile, sanduku si kitu; hapo tazama mzigo na upepo wa tairi. Lakini gari yake haishindi mjini.

Kila mwezi ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Zanzibar, ikitangaza bei tunapiga hesabu ya shilingi kwa lita. Lita zinazoliwa na upepo hatuzihesabu.

Nimemwomba alivue sanduku wiki moja. Ajaze tangi pomoni, aende Nungwi na kurudi, ajaze tena, aandike. Likibidi kurudi juu, lipunguzwe kimo na mbele liviringwe. Fundi bodi yupo pale pale gerejini. Jana kanitumia picha: boliti nane juu ya gazeti, sanduku liko chini ya mwembe. Pampu haijashushwa.