Njia ya Menorca Isilainishwe

Watu wanaopenda njia za pwani hudai mambo mawili, na mara nyingi huyadai kwa mpigo mmoja: njia iwe wazi kwa kila mtu, na iwe rahisi kwa kila mtu. Dai la kwanza nalitetea bila kupepesa macho. La pili nalipinga. Mfano wangu ni Menorca, kisiwa cha Uhispania katika Bahari ya Mediterania, ambacho unaweza kukizunguka chote kwa miguu, kwa mbio au kwa baiskeli, bahari ikiwa karibu nawe sehemu kubwa ya safari.

Njia hiyo inaitwa Camí de Cavalls, yaani Njia ya Farasi. Ina urefu wa kilomita 185, imegawanywa vipande 20, na inaonyeshwa kwa vigingi vya mbao. Zamani walinzi waliipita juu ya farasi wakikagua pwani na kuunganisha minara ya ulinzi, maana kisiwa kilikuwa kikigombewa sana. Kati ya mwaka 1708 na 1802 Waingereza walikitawala mara tatu, na katikati hapo Wafaransa wakakishika kuanzia 1756 hadi 1763. Vita vilipokwisha farasi wa doria hawakuhitajika tena, njia ikabaki inakatiza mashamba ya watu, na katika karne ya 20 baadhi ya wenye mashamba wakaanza kuifunga.

Wakazi wa kisiwa hawakunyamaza. Waliandamana kwa miguu kudai vipande vilivyofungwa, mpaka mwaka 2000 bunge la Visiwa vya Balearic, mkoa ambao Menorca ni sehemu yake, likatunga sheria ya kulinda haki ya umma ya kupita. Ukarabati ukafuata, na mwaka 2010 mzunguko mzima ukafunguliwa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu Menorca, kubwa kuliko fukwe zake zote. Pwani isiyo na sheria ya namna hiyo huliwa kidogo kidogo: leo uzio wa mtu mmoja, kesho bustani ya hoteli, na kizazi kinachofuata hakijui hata kama palikuwa na njia.

Lakini angalia haki hiyo inatoa nini. Inatoa kupita tu. Shamba linabaki na mwenyewe, na ng'ombe wanabaki na mwenyewe. Kuna malango mengi njiani, yale ya asili yakiwa ya mbao za mzeituni mwitu zilizopinda, na kila unalofungua unalifunga nyuma yako. Huruhusiwi kupiga hema ulale, wala kupita na chombo cha injini. Kuta zinazogawa mashamba zimepangwa kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo, ufundi ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa Uhispania na nchi nyingine kadhaa. Ukipanda juu ya ukuta wa aina hiyo ili upige picha, jiwe moja likateleza, mkulima ndiye atakayelirudisha.

Sasa twende kaskazini, maana huko ndiko hoja yangu ilipo. Nusu ya kaskazini ya kisiwa ni ya miamba ya kale ya kila rangi. Kwenye rasi ya Favàritx mawe ni meusi, ya matabaka, na katikati yake umesimama mnara wa taa wa mwaka 1922, mweupe wenye mistari. Ukielekea magharibi unafika ghuba ndogo ya Cala Pregonda, ambako mchanga na majabali ni mekundu ya dhahabu. Upande huo kuna vipande viwili vya njia, kutoka ufukwe wa Binimel·là hadi Els Alocs na kutoka Els Alocs hadi Algaiarens. Kila kimoja hakifiki kilomita 10, na mtu anayepima njia kwa kilomita atavidharau. Asivipime hivyo. Ni kupanda na kushuka, kokoto zinazokimbia chini ya kiatu, sehemu ndefu bila kivuli, na maji ni yale uliyobeba mgongoni. Huo upepo wa kaskazini wanaouita tramuntana ukiamka, unaelewa kwa nini mizeituni mwitu yote ya huko imelala kuelekea kusini.

Mbele zaidi, Punta Nati, hakuna milima tena. Ni uwanda wa mawe makali ya chokaa, karibu mtupu, unaokatika ghafla kuwa majabali juu ya bahari. Mwezi Februari mwaka 1910 meli ya Kifaransa Général Chanzy ilivunjika hapo usiku wa dhoruba, na katika watu zaidi ya 150 akaokoka mmoja tu. Mnara wa taa ukawashwa mwaka 1913. Mtu anayepita pale kwa miguu, nyayo zikimuuma, anayatazama mawe yale na bahari ile na kupata picha ya usiku huo kuliko atakavyoipata kwenye kibao chochote. Ukiweka pale barabara laini ya kuteleza na baiskeli, mtu atapita kwa dakika chache akitazama mbele.

Kusini ni dunia nyingine. Mwamba ni wa chokaa changa, umekatwa na makorongo yenye rutuba, misonobari inashuka mpaka mchangani, na maji yana ile rangi ya kadi za posta. Fukwe za Macarella na Turqueta ni nzuri kweli. Ila wakati wa kiangazi watu hujaa huko, kwa sababu kufika ni rahisi. Sina ugomvi na anayependa kuogelea. Ninachosema ni kwamba ugumu wa kaskazini umefanya kazi ya ulinzi ambayo askari wa mazingira wangeshindwa kuifanya. Kisiwa hiki ni hifadhi ya baiolojia inayotambuliwa na UNESCO tangu 1993, na hifadhi hailindwi na cheti peke yake.

Waendesha baiskeli ndio watakaonikasirikia. Sheria inawaruhusu, nami sitaki waondolewe. Lakini kwenye vile vipande vya Els Alocs baiskeli utaisukuma, pengine utaibeba, na mtembeaji au farasi akitokea, wewe ndiye unayesimama kando. Anayetaka mwendo ana mahali pake: barabara ya zamani aliyoijenga Richard Kane, gavana wa Waingereza, mwanzoni mwa karne ya 18 kuunganisha miji ya Maó na Ciutadella. Sehemu yake iliyobaki upande wa Maó inapita kati ya mashamba, magari ni machache, na gurudumu linazunguka kwa raha. Kudai njia ya pwani ipanuliwe wakati ile ipo ni kudai kisichohitajika.

Wakimbiaji nawaelewa zaidi, kwa kuwa mkimbiaji huchukua ardhi jinsi ilivyo. Kuna mashindano ya kuzunguka kilomita zote 185 bila kulala kitandani, nami nawaheshimu wanaoyamaliza. Ombi langu kwao ni dogo: msikate kona. Vijia vya mkato vinavyochorwa na viatu kwenye mteremko hugeuka mifereji mvua za vuli zikinyesha, na udongo ukishashuka baharini haurudi.

Hoja moja inanigusa kweli. Na mzee je? Na anayetumia kiti cha magurudumu? Hao pwani ni yao pia. Jibu langu ni kuwatengenezea pale ambapo ardhi yenyewe inakubali, na kufanya vizuri hasa, si kwa kubabaisha tu. Katika hifadhi ya S'Albufera des Grau, pembeni ya ziwa, tayari kuna njia za mbao zinazopita juu ya eneo chepechepe. Ziongezwe, zitunzwe, vituo vya basi viwekwe karibu. Hiyo ni bora mara kumi kuliko kumwaga zege kwenye mteremko wa Els Alocs ambao hata ukimwagiwa zege utabaki mkali mno kwa kiti cha magurudumu. Mara nyingi wanaotajwa kama sababu ya kulainisha njia siyo wanaofaidika nayo.

Kwa anayepanga kwenda: Aprili, Mei au Oktoba, maji ya kutosha kuanzia asubuhi, na viatu vyenye soli ngumu kwa ajili ya Punta Nati. Kwa wanaosimamia njia: fedha za matengenezo zilipe mafundi wa kuta za mawe, vigingi vilivyooza na malango yaliyolegea bawaba, na kokoto na saruji zibaki barabarani.