Mkaidi kwa nani?

Barabara ya Thika, jijini Nairobi, ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, iliwekewa madaraja ya watembea kwa miguu. Hadi leo wapo wanaovuka chini, katikati ya magari. Ndani ya matatu utasikia hukumu moja: "Hawa watu ni kichwa ngumu."

Neno hilo hunisumbua. Sarufi ingetaka "kichwa kigumu", lakini si hapo penye tatizo. Tatizo ni kwamba Nairobi tunalibebesha makosa mawili yasiyofanana. Mtoto asiyeshika hesabu ana kichwa ngumu. Anayeelewa vizuri ila hataki kutumwa dukani, naye pia. Wa kwanza afundishwe upya, wa pili aulizwe kwa nini. Kwa jina moja, wote wawili hugombezwa.

"Ukaidi" walau hautukani akili. Mkaidi amesikia, ameelewa, amekataa. Lakini ndani ya neno hilo daima yumo mtu wa pili, yule aliyeamuru. Ndiyo maana mkaidi huwa ni mtoto, mfanyakazi au raia, mara chache sana baba, mwajiri au waziri. Methali zetu zinasimama na mkubwa: mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hazitaji siku ambayo mkuu mwenyewe alikosea.

Siku hizo zipo. Mwaka 1989 serikali ilitaka jumba la ghorofa 60 lijengwe ndani ya bustani ya Uhuru. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipinga kwa barua baada ya barua. Wabunge wakamshambulia bungeni, na shirika lake likafukuzwa ofisini. Kwa waliokuwa madarakani alikuwa mkaidi wa kupindukia. Jumba halikujengwa, na leo hakuna anayemwita hivyo. Tunamwita shupavu.

Na hili "shupavu" lina siri yake. Linatokana na kushupaa, yaani kuwa gumu, na kamusi za zamani hulipa maana zote mbili: jasiri, na pia mbishi asiyegeuzika. Waliotuachia lugha hii waliona ugumu ni mmoja. Sisi tumebakiza sifa, lawama tukaitupia ukaidi.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaotaka ukaidi ufutwe, kila anayekataa aitwe mtu wa msimamo. Wanasiasa wetu wamelivaa "msimamo" mpaka limechakaa: kiongozi aliyeonyeshwa kosa lake mchana kweupe husema ana msimamo. Mgonjwa anayeacha dawa katikati kwa sababu amejisikia nafuu hana msimamo wowote. Anaupa ugonjwa nafasi ya kuwa sugu, na usugu huo unaweza kuhamia kwa jirani. Huyo anahitaji neno linalouma. Kipimo changu ni sababu: mwenye msimamo ukimwuliza atakupa, na ukiivunja ataisikiliza hoja yako. Mkaidi hurudia tu "sitaki".

Basi pale Barabara ya Thika, kijana mzima mwenye begi mgongoni, ngazi za daraja ziko mbele yake, naye anaruka ukingo: namwita mkaidi bila kusita. Mama mwenye mzigo wa sukuma wiki kichwani, daraja liko mbali na miguu inamuuma, simpi jina lolote kabla sijamwuliza.