Jirani anayelalamikia kelele sio mnoko

Ukikaa ghorofani muda mrefu huu mchezo unaujua. Wa chini anasikia kiti kinaburutwa saa sita usiku, anavumilia wiki, anavumilia mwezi, siku moja uvumilivu unaisha anapanda ngazi anagonga mlango, wa juu anafungua na jibu analo tayari mdomoni, "kwani hapa si kwangu?" Basi. Kuanzia hapo mmoja anaitwa mnoko, mwingine anaitwa hana ustaarabu, jengo zima linachagua upande, na mara nyingi, nisiwafiche, anayepata watu wengi ni yule wa juu. Anayelalamika ndo anaonekana ana matatizo. Mbona wengine hatusikii. Anataka kimya akakae porini. Utazoea tu.

Mimi nimekaa chini miaka mitatu na sasa nakaa juu, kwahiyo lawama za pande zote mbili nimeshazila. Sijifanyi refa hapa. Naona mlalamikaji haeleweki, na haeleweki kwa sababu kila ugomvi ukizuka tunakimbilia kuuliza kelele ilikuwa kubwa kiasi gani, wakati hilo swali halijawahi kumaliza ugomvi hata mmoja ninaoujua.

Ila tuanze na wa juu maana hoja yake ina uzito, na ina uzito hadi mahakamani. Mwaka 1999 huko Uingereza, mahakama ya juu kabisa ya enzi hizo iliyokuwa ndani ya House of Lords ilisikiliza kesi ya wapangaji wa nyumba za halmashauri za Southwark na Camden, London. Nyumba za zamani, kuta kama karatasi, yaani watu walikuwa wanasikia tivii ya jirani, mtoto wa jirani akilia, jirani akipika, akigombana na mwenzake, na hata mambo ya chumbani. Hakuna aliyebisha kwamba wanateseka. Na bado wakashindwa. Majaji walisema jirani anayetumia nyumba yake kwa maisha ya kawaida hana kosa lolote, na mwenye nyumba naye hakuahidi kuziba sauti, mliikuta hivyo mkaingia. Ukiisoma kama mtu wa juu unapumua. Ukiisoma kama mtu wa chini unajiuliza sasa mimi niende wapi.

Na kweli lawama nyingi anazobebeshwa wa juu zilitakiwa ziende kwa aliyejenga. Sauti ya kuongea inasafiri hewani ikifika kwenye ukuta mzito inakwama, ukuta ukiwa mzito mara mbili unakata kama desibeli 5 au 6 zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Lakini kishindo ni habari nyingine kabisa, kisigino kikigonga sakafu ya zege yenye tailizi ile slabu yenyewe ndo inatetemeka, inageuka ngoma, na wewe wa chini umekaa ndani ya ngoma. Unene wa zege hausaidii sana hapo, kinachosaidia ni kitu laini katikati, kapeti nene au tabaka la mpira chini ya sakafu, na hilo tabaka ndo la kwanza kufutwa kwenye bajeti kwa sababu halionekani kwenye picha za kutangaza nyumba. Kwahiyo kuna mtu anatembea zake pekupeku kwenda chooni usiku, taratibu kabisa, na chini yake kuna mtu anaapa huyu ananifanyia makusudi.

Halafu zege linadanganya mwelekeo. Niliwahi kuja kugongewa mlango kwa fujo ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nazisikia nikidhani ni za jirani wa pembeni, kumbe zilikuwa zinatoka ghorofa nyingine kabisa zimepitia kwenye nguzo. Tulisimama mlangoni wawili tunamsikiliza mtu wa tatu. Tukacheka, ila dakika mbili kabla alikuwa ameshaniita majina.

Sasa. Pamoja na hayo yote mimi bado nipo na wa chini.

Mwishoni mwa miaka ya 60 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walifanya majaribio ambayo wakayakusanya kwenye kitabu mwaka 1972, na mimi tangu niyasome siwezi kuongelea kelele za majirani bila kuyarudia, mtanisamehe. Walirekodi mchanganyiko wa vurugu, watu wawili wanaongea Kihispania, mmoja anaongea Kiarmenia, mashine ya kudurufu, mashine ya hesabu, taipureta, vyote juu ya vyote, wakawapigia watu masikioni kwa desibeli 108 huku wanafanya kazi ndogondogo. Wengine ilikuja kwa ratiba, wengine ikawa inakuja tu ovyo. Na unajua nini, wakati kelele inaendelea watu walizoea. Kweli kabisa, mwanzoni walishtuka baadaye mwili ukatulia wakaendelea na kazi vizuri tu. Kwahiyo wale wa "utazoea" wako sahihi, hadi hapo.

Shida ilikuja kelele ilipozimwa. Wakapewa mafumbo ya kuchora, mengine hayana jibu kabisa, makusudi ili waone mtu ataendelea kujaribu mara ngapi, wakapewa na maandishi wayasahihishe. Wale wa kelele ya ovyo walikata tamaa haraka sana na makosa mengi yakawapita. Kelele imeshaisha! Chumba kimya! Yaani kuzoea kwenyewe kulikuwa na gharama na bili ililetwa baadaye. Mtu anakwambia amezoea fujo za jirani na ni kweli amezoea, ila asubuhi kazini anasoma barua moja mara tatu, na akirudi jioni anawafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka.

Kilichonishika zaidi ni kitufe. Kuna kundi wakawekewa kitufe pembeni wakaambiwa ukishindwa kabisa bonyeza kelele itazima, ila tungependa usibonyeze. Wengi wao hawakubonyeza. Wakasikiliza kelele ileile, ukubwa uleule, muda uleule, na baadaye kwenye mafumbo na yale maandishi wakafanya karibu sawa na watu waliokaa kimya. Kitufe ambacho hawakukigusa. Fikiria hilo taratibu, sauti iliyoingia masikioni haina tofauti hata kidogo kati ya makundi haya mawili, tofauti ni kwamba mmoja anajua anaweza kuisimamisha na mwenzake hawezi.

Ndo maana nasema swali la ukubwa ni swali la pembeni. Yule anayepanda ngazi saa sita usiku hajapanda kwa sababu ya desibeli, amepanda kwa sababu hajui itaisha lini, hajui itaanza tena lini, na hana pa kubonyeza. Unaweza kulala na mvua inayopiga bati usiku kucha ukashindwa kulala na jirani anayeangusha kitu kimoja, kwa sababu baada ya hicho kimoja unakaa macho unasubiri cha pili. Kile cha pili kisipokuja ndo mbaya zaidi.

Na ukimpa kifaa cha kupimia humsaidii, mara nyingine unammaliza kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilitaja desibeli 30 chumbani usiku kwa usingizi mzuri, na sauti za ghafla zisizidi 45, sawa, namba nzuri. Ila app nyingi za simu na vipimo vingi vya mtaani vinapima kwa mizani inayoitwa A, ambayo inapunguza sauti nene ili ifanane na sikio linavyosikia sauti ndogo, na kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, palepale sabufa inapokaa, inapunguza kama desibeli 30. Thelathini! Besi yenyewe wimbi lake kwenye hezi hizo lina urefu wa karibu mita 7, ukuta wa kawaida haulizuii, linaingia hadi kitandani. Kwahiyo jamaa kitanda kinatetemeka, mziki wenyewe hausikii maneno wala gitaa, anasikia du du du tu kifuani, anatoa simu kupima ili apate ushahidi, na simu inamwambia pako kimya. Anaonyesha watu. Watu wanamwangalia usoni. Hapo mnoko anazaliwa rasmi.

Najua mtu atasema ukimpa mlalamikaji kitufe atabonyeza kila siku. Wapo. Nimewahi kukaa jengo moja na mtu aliyelalamikia mtoto mchanga kulia, sijui alitaka mama afanye nini. Kitu kama hicho hakina mjadala, hata Ujerumani, nchi ambayo saa za utulivu wanazichukulia kwa uzito sana, mwaka 2011 waliingiza kwenye sheria kwamba sauti za watoto kwenye shule za awali na viwanja vya michezo kwa kawaida zisihesabiwe ni kero ya mazingira. Mtoto analia, mgonjwa anakohoa, mtu wa zamu ya usiku anaoga saa tisa, hayo ni maisha na wa chini inabidi ayameze. Pia kuna mlalamikaji ambaye ugomvi wake sio kelele, anamchukia tu jirani na kelele ndo kisingizio, huyo hata ukihama atakulalamikia kimya chako.

Lakini hawa ni wachache kuliko tunavyojifanya, na tunawatumia kuwafunga mdomo wengine wote. Majaribio yale yanasema kinyume, mtu mwenye kitufe wala hakibonyezi. Anayebonyeza kwa hasira, anayegonga dari na fagio, anayepigia simu mlinzi kila usiku, mara nyingi ni yule ambaye ameshajaribu njia ya kistaarabu akajibiwa "kwani hapa si kwangu".

Na kitufe chenyewe hakigharimu kitu. Una wageni Jumamosi, waambie wa chini Alhamisi, na useme tunaishia saa ngapi, hiyo saa ndo muhimu kuliko kuomba radhi. Unatoboa ukuta, sema ni siku mbili kuanzia saa nne asubuhi. Sabufa itoe kwenye sakafu uiweke juu ya kitu laini, miguu ya viti ibandike vipande vya kapeti. Na mpe namba yako ya simu. Sio kumuunga kwenye grupu la WhatsApp la jengo, grupu ndo linaharibu zaidi, mtu anaandika "kuna watu hawana adabu humu" bila kutaja jina, watu kumi wanajiuliza ni mimi, watatu wanajibu kwa mafumbo, mwenyewe aliyelengwa amelala hajaona. Namba ya mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Wa juu ataniuliza kwa nini mzigo huu wote aubebe yeye wakati jengo ndo bovu. Ni haki kuuliza. Mwenye nyumba alitakiwa kuweka ule mpira chini ya sakafu, na kama unaanza kupanga sehemu mpya mwambie mwenzako atembee juu na viatu wewe ukiwa chini unasikiliza, kabla hujasaini, maana ile kesi ya London inakuonyesha baada ya kuingia hali inakuwaje. Ila zege likishamwagwa limemwagwa, mnabaki wawili, na kati yenu ni mmoja tu anayeweza kuamua kiti kinyanyuliwe au kiburutwe. Hiyo nguvu anayo wa juu peke yake. Hata kama hakuiomba.

Nilipohamia hapa juu wiki ya kwanza nilishuka nikamgongea mama wa chini, nikamwambia shikamoo, mimi ndo miguu yako mipya, nikampa namba nikamwambia ukisikia chochote usipande ngazi we piga tu hata saa nane. Alinishangaa kidogo. Mwaka wa pili huu, na mimi sio malaika, kuna siku nimeangusha hadi sufuria. Amenipigia mara moja tu, kuniambia bomba langu la bafuni linavuja linamdondokea kwenye dari.