Shilingi + faranga: templeti na kuovalodi opereta, faida iko wapi?

Ukitaka developa wa C++ na wa Java, lugha mbili za kuandikia programu, wakeshe wanabishana, taja hii mada tu: templeti (msimbo unaouandika mara moja ukatumika kwa aina nyingi za data) na kuovalodi opereta (kuipa alama kama + kazi kwa aina ulizounda mwenyewe). Ila kwa sisi wa Kigoma haijakaa kinadharia sana, maana programu ya mauzo ya mtu wa dagaa na mawese pale Kibirizi lazima ijue shilingi, faranga ya Burundi, faranga ya Kongo na dola, zote ndani ya siku moja, huyu kaja na boti toka Kalemie yule katokea Rumonge, na mwisho wa siku bosi anataka jumla.

Wanaosifia wanasema hivi. Unaunda aina moja ya templeti, Pesa<S>, hiyo S ndo sarafu. Pesa<TZS> na Pesa<BIF> kompaila, yani kile kinachogeuza msimbo kuwa programu kabla haijaanza kutembea, inaziona vitu viwili tofauti kabisa. Halafu unaovalodi +, yani unaiambia lugha kwamba hii alama ikikutana na Pesa mbili za sarafu moja ijumlishe, zikiwa tofauti igome. Mtu akiandika usiku kachoka akajumlisha shilingi na faranga, programu haikompaili, basi, kosa limeishia kwenye meza yake. Kiwango cha kubadilishia nacho unakipa aina yake, Kiwango<BIF,TZS>, ukikizidisha na Pesa<BIF> inatoka Pesa<TZS>, ukikishika kinyume inakataa. Hata kukadiria desimali kunakaa vizuri, kwa viwango vya kimataifa vya ISO faranga ya Burundi haina senti na dola inazo, kwahiyo sheria ya desimali inakaa kwenye aina yenyewe, hamna haja ya kuikumbuka kila unapogawanya.

Na hili sio la kufikirika. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama newton. Namba tupu haijui ni ya nini.

Kusoma nako kuna raha yake. Java ilitoka 1995 bila ruhusa ya kuovalodi, James Gosling aliyeiunda aliiacha makusudi kwa vile alishaona watu wengi wanavyoitumia vibaya kwenye C++. Matokeo yake hesabu ya bei ukitumia BigDecimal, aina ya Java ya namba za desimali, inasomeka bei.multiply(idadi).add(ushuru).subtract(punguzo), wakati kwenye C++ au Kotlin unaandika bei * idadi + ushuru - punguzo na hata mhasibu akichungulia anaelewa. Afu hiyo hiyo BigDecimal ukiiuliza kwa equals kama 2.0 na 2.00 ni sawa inakujibu hapana, sasa mtu ashike hayo yote kichwani.

Lakini Gosling hakuwa anaota. Alama ni fupi na ufupi unaficha. Chukua ^, kuna watu wanaiovalodi iwe kipeo, inapendeza mpaka siku umeandika a ^ 2 + 1, kwenye C++ huwezi kubadilisha nani anatangulia na + inaitangulia ^, kwahiyo unapata a kwa kipeo cha 3 kimyakimya. Ukiovalodi && (alama ya "na") unapoteza ile tabia ya kuacha upande wa kulia kama wa kushoto umeshakuwa uongo. Hivi vitu havipigi kelele, unakuja kuviona kwenye ripoti ya mwezi.

Templeti nazo zina bei. C++ inatengeneza kopi ya msimbo kwa kila aina unayotumia, kukompaili kunarefuka, na kabla ya konsepti za C++20 (masharti unayoiwekea templeti) kosa dogo lilikuwa linakumwagia skrini nzima ya maneno. Lugha ya Go imetoka 2009 na jeneriki, templeti za kwao, hawakuziweka mpaka toleo la 1.18 mwaka 2022, kuovalodi opereta mpaka leo hamna, na watu wanapiga kazi.

Ila hoja ninayoiona nzito kuliko zote watu wanaipita haraka. Templeti inakulinda kwa kile unachokijua wakati unaandika. Sasa sarafu inajulikana saa ngapi? Inajulikana pale karani anapobonyeza, kompaila ilishamaliza kazi yake zamani. Rekodi inatoka kwenye databezi ikiwa na namba safu hii na herufi tatu "BIF" safu ile, ili upate Pesa<BIF> lazima mahali fulani uandike if ya kila sarafu, na malipo ya siku huwezi kuyaweka kwenye orodha moja kwa sababu kila sarafu ni aina yake, unaishia kwenye std::variant (kisanduku kinachobeba aina yoyote kati ya ulizozitaja) au klasi mama (aina moja ya juu inayozibeba zote), yani umerudi kukagua wakati programu inatembea, kitu ulichokuwa unakikimbia. Akija mtu wa Mpulungu, Zambia, na kwacha, unakompaili upya.

Kwahiyo mimi kwenye duka la namna hii Pesa naifanya klasi ya kawaida yenye namba na sarafu ndani, + inakagua sarafu na kutupa kosa zisipofanana. Templeti naziachia Kilo na Lita, dagaa wa kilo na mawese ya lita vinajulikana toka siku ya kwanza. Opereta naruhusu chache, +, -, na kuzidisha kwa namba tupu. Pesa mara Pesa ikatae, shilingi za mraba sijaona anayezipokea. Na < kwenye Pesa niwe nayo macho, maana ukipanga wadeni wa sarafu tofauti kwa < bila kubadilisha kwanza, mwenye faranga nyingi anatokea juu hata kama deni lake ni dogo.

Kwenye Python + utaiovalodi kwa __add__ ila kosa utalijua programu ikishakimbia. Walio kwenye PHP klasi yako haiwezi kuovalodi + kabisa, andika methodi jumlisha() inayokagua sarafu ndani yake, ulinzi ni ule ule, umeongeza herufi tu.