Kikaratasi cha Taulo na Maji ya Kisima

Katika hoteli nyingi za pwani yetu, mgeni hukuta bafuni kikaratasi kinachomwomba alitumie taulo lake zaidi ya siku moja ili kuhifadhi mazingira. Sina ugomvi na kikaratasi hicho. Ugomvi wangu ni na kampuni inayodhani kwamba kwa kukibandika imekwishakuwa endelevu, ilhali njia inayoipatia faida haijabadilika hata chembe.

Tuchukue maji. Unguja haina mto mkubwa. Tunategemea mvua iliyopenya kwenye mawe ya matumbawe na kutulia chini ya ardhi, juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Pampu ikivuta kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda, na wa kwanza kuionja si mgeni, ambaye huletewa maji ya chupa, bali ni mama wa kijijini mwenye ndoo yake kisimani. Gharama hiyo ipo, ila haimo katika daftari la mhasibu, ndiyo maana biashara huonekana ina faida kubwa kuliko iliyo nayo kweli.

Wanaosema haiwezekani kufanya vingine waitazame Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja. Mwaka 1994 mwamba wa matumbawe wa magharibi ya kisiwa hicho ulitangazwa kuwa hifadhi, ukakabidhiwa kampuni binafsi kuusimamia. Nyumba za wageni ni saba tu. Mapaa hukinga mvua, umeme ni wa jua, vyoo ni vya mboji visivyohitaji maji ya kuvuta, na fedha za wageni ndizo zinazowalipa walinzi wa mwamba, ambao miongoni mwao wamo waliokuwa wavuvi, na ndizo zinazogharimia ziara za wanafunzi. Mwamba ukifa, kampuni haina cha kuuza. Basi kuulinda ni kazi yake ya kila siku, wala si sadaka.

Nakubali kwamba hoteli ya vyumba mia mbili haiwezi kuigeza Chumbe yote, na sidhani kama inapaswa. Lakini inaweza kufunga mita kwenye kisima chake, kuandika bei ya kila lita katika hesabu zake, na kujenga birika la kukingia mvua kabla ya kujenga bwawa la pili la kuogelea. Masika humwaga maji mengi juu ya mapaa hayo hayo, yakatiririkia baharini. Ikifika kaskazi, utaliona boza la maji limesimama mlangoni.