Matunda yanaoza mbele ya kamera, hiyo ni sanaa mpya au kopi tu?

Wapo wanaosema wasanii wa sasa wanaorudia ile michoro ya zamani ya vitu vya mezani, matunda, maua, glasi, mafuvu, wameishiwa mawazo, wanaazima heshima ya Waholanzi wa karne ya 17 alafu wanauza. Hoja wanayo kiukweli. Kikapu cha matunda alichochora Mwitaliano Caravaggio mwishoni mwa miaka ya 1590 kina tufaha lenye tundu la mdudu na majani yaliyoanza kukauka, yani habari ya kuoza ilishasemwa kitambo tena bila kamera.

Ila angalia alichofanya msanii Mwingereza Sam Taylor-Johnson mwaka 2001. Kaweka matunda mezani, kayarekodi mpaka yakaoza alafu kaikimbiza picha ikawa video ya dakika chache tu, unaona ukungu unatambaa, maganda yanasinyaa, rundo zima linazama lenyewe mpaka linabaki uchafu wa kijivu, na pembeni hapo kuna peni ya plastiki ambayo haibadiliki hata kidogo. Kwangu mimi hiyo peni ndo imebeba kazi yote, manake mchoraji wa zamani alikuwa na fuvu la kumkumbusha kifo ila hakuishi na takataka za bei rahisi zinazotuzidi umri.

Msanii wa Israeli, Ori Gersht, nae mwaka 2006 kachukua mpangilio wa mchoraji wa zamani Mhispania Sánchez Cotán, matunda yanayoning'inia kwenye kamba, akapitisha risasi kwenye komamanga na kuirekodi kwa video, punje zinaruka taratibu kama damu. Inapendeza na inatisha, na kwa mtu aliyezaliwa Tel Aviv najua ukatili sio pambo, lakini ukiitazama tena unajikuta unasubiri tu mlipuko.

Anaenigusa zaidi ni msanii Mmarekani Zoe Leonard. Kati ya 1992 na 1997 alikuwa anashona maganda matupu ya ndizi, machungwa na malimau kwa uzi, akiomboleza marafiki waliokufa kwa UKIMWI, na ilipopatikana njia ya kuyahifadhi yasiharibike akaikataa, kwa hiyo jumba la sanaa la Philadelphia linamiliki kitu kinachoendelea kuisha. Mchoro wa rangi ya mafuta hauwezi kufanya hivyo, unaonyesha kufa ila wenyewe unabaki.

Wale wanaopiga picha ya maua na fuvu kwa mwanga wa Kiholanzi alafu wanaishia hapo, hao kweli siwezi kuwatetea.